Ile rangi nyeupe kwenye pipi (E171) na chembe za nano: ni kweli zaharibu bakteria wa tumbo na kuleta ugonjwa wa sukari?

#1 MamaZ_Langoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Nna swali lanikosesha usingizi tangu Idi. Mwanangu wa miaka 6 alizunguka nyumba za jamaa akarudi na mfuko wa pipi, zile za rangi rangi zinazong'aa, akala kutwa, kesho yake akala tena. Siku ya tatu tumbo lamkata, choo si choo. Nikachukua pakiti nikaisoma nyuma, maandishi madogo kama mayai ya chawa, nikakuta E171. Nikampigia picha ndugu yangu aliyeko Ujerumani, akanirudia hapo hapo, akanambia hicho kitu kwao hakitiwi kwenye chakula tangu 2022, kimepigwa marufuku nchi zote za Umoja wa Ulaya. Ni unga mweupe waitwa titani dioksidi, huo huo unaotiwa kwenye rangi ya ukuta, na sehemu yake ni vumbi dogo mno wanaloliita chembe za nano. Eti zikishuka tumboni zinawavuruga wale bakteria wazuri, na bakteria wakivurugika mwili hauwezi tena kutumia chakula vizuri, mtu anenepa, sukari yapanda.

Sasa naomba mwenye elimu aniambie, hili ni kweli ama ni maneno ya watu? Manake mtaani kwetu hapa Lamu nikihesabu nyumba tano za mstari mmoja kila nyumba ina mtu wa sukari. Zamani haikuwa hivi. Na watoto wetu ndio tunaowapa hizi pipi kwa mikono yetu.

#2 KijanaWaMkomani
Waleikum salaam dada, pole na mtoto. Lakini tusizunguke, mtoto kala pipi siku mbili mfululizo tumbo likauma, hapo nano ya nini? Sukari nyingi peke yake yavuta maji ndani ya utumbo, choo chalegea, bas. Hata ungempa tende kilo nzima angeumwa vile vile. Na hao wa sukari nyumba tano tuulizane kwanza chai yao yatiwa vijiko vingapi.

#3 MwlKemia_Amu
Kabla hatujabishana tuelewe kwanza udogo wenyewe, manake watu wengi wasikia "nano" wadhani ni jina la dawa. Ni kipimo, nanomita, milimita moja ukiigawa mara milioni, sisi twasema "nano" tu. Chukua punje ya mchanga wa Shela, tuseme ina nusu milimita. Chembe ya nano 100 ni ndogo kuliko hiyo punje mara 5,000. Unywele wa kichwa una upana wa kama nano 80,000 hivi. Kwa jicho huioni, na ile darubini ya kawaida ya shuleni pia haikuonyeshi.

Na udogo si sura tu, udogo wabadilisha tabia. Kata kipande cha kitu chenye sentimita moja kila upande, kwa nje kina eneo la sentimita za mraba 6. Kisage kiwe vipande vya nano 100, kitu ni kile kile uzito ule ule, lakini eneo la nje sasa limekuwa mita za mraba 60. Ni sakafu ya nyumba nzima hiyo! Na kemia yote hufanyika kwenye eneo la nje, pale kitu kinapogusana na kingine. Ndio maana kitu tulichokizoea kuwa ni butu, kikiwa vumbi la nano chaweza kuwa na vituko vyake.

Kwa hiyo swali la dada si la kipuuzi.

#4 Baharia_wa_Pate
Wanangu mimi ni mtu mzima, haya ya nano siyajui. Nlijualo, zamani mai tukiteka kisimani tukitia mtungini, mtungi ukae pembeni ya ukumbi, mai baridi na yana harufu ya udongo. Leo kila nyumba ni chupa za plastiki na mapipa ya plastiki yamekaa yuani yuu ya dari. Mkitafuta ugonjwa angalieni na huko, si pipi tu.

#5 MaabaraMsa
Mimi ni mtu wa Faza nafanya kazi maabara Mombasa, si daktari, lakini haya mambo nayafuatilia kwa karibu. Acha niweke tarehe sawa manake humu zitachanganyika.

Ufaransa ndio walioanza, wakaisimamisha E171 kwenye chakula kuanzia Januari 2020. Mei 2021 mamlaka ya Ulaya inayosimamia usalama wa chakula, EFSA, wakasema hawawezi tena kuihesabu kuwa ni salama. 2022 ikapigwa marufuku, na waliokuwa nayo wakapewa miezi sita ya kumaliza. Hapo ndugu yako amesema kweli.

Ila dada sikiza sababu. Hawakuipiga marufuku kwa ajili ya bakteria wa tumbo wala kwa ajili ya kisukari. Walisema hawawezi kuondoa uwezekano kwamba yaharibu DNA ndani ya seli, na kwa kuwa hawawezi kuweka kiwango ambacho ukikaa chini yake uko salama, bas heri itoke. Hiyo ni tofauti na kusema "imethibitishwa inaleta ugonjwa". Uingereza na Canada na Australia walipitia karatasi zile zile wakasema hawaoni sababu ya kuizuia. Marekani bado yaruhusiwa mradi isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. 2023 kamati ya wataalamu ya WHO na FAO nayo ikapitia, ikaiacha kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Na jambo la pili, E171 si nano yote. Inatengenezwa ili iwe nyeupe na inang'aa, na kwa weupe wataka chembe kubwa kidogo. Zile zilizo chini ya nano 100 kwa hesabu ya chembe hazifiki nusu.

#6 DukaLaKona
Mimi nauza hizo pipi, na nliposoma hapa asubuhi nliingiwa na uzito moyoni wallahi. Nikafungua duka nikatoa rafu nzima. Aina 14 za pipi na chingam na vile vidonge vya rangi vya kupambia keki. Tano zimeandikwa E171 waziwazi. Tatu zimeandikwa jina refu la titani bila namba. Mbili zimeandikwa "rangi zilizoruhusiwa" tu, hiyo sikuielewa, imeruhusiwa na nani na wapi? Nyingine hazina.

Nimetenga zile nane pembeni mpaka nielewe. Hasara ni yangu sawa. Lakini watoto wenyewe ndio waniitao ami kila wakipita.

#7 MamaZ_Langoni
@DukaLaKona Mungu akulipe kaka yangu.

@MaabaraMsa shukran, lakini bado hujanijibu la tumbo. Hao bakteria je?

#8 KijanaWaMkomani
Ntajibu mimi kabla yake. Titani dioksidi hainyonywi na mwili. Ukila, zaidi ya asilimia 99 yatoka na choo kama ilivyoingia. Imepita tu kama mgeni wa ferri, kashuka Mokowe kapanda basi kaenda zake. Kitu kisichoingia kwenye damu kitaleta vipi kisukari?

#9 MaabaraMsa
@KijanaWaMkomani hesabu yako ni sawa, lakini umeijenga mahali pasipo. Hebu fikiri. Bakteria tunaowazungumzia wako wapi? Hawako kwenye damu. Wako humo humo utumboni, tena wengi wako utumbo mpana, mwisho wa safari. Kwa hiyo hiyo asilimia 99 unayosema imepita, imewapitia wao wote mmoja mmoja. Kutonyonywa si kinga kwa bakteria, kwao ndio kufikiwa kwenyewe.

Sasa hao bakteria ni nani. Mtu mzima wa kilo 70 amekadiriwa ana bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na seli zake mwenyewe. Ile hadithi ya kwamba ni mara kumi ya seli zetu ilirekebishwa 2016, msiirudie. Kazi yao moja kubwa, zile nyuzinyuzi za mboga na kunde na nafaka ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya wao wazichachusha, kama unga wa mahamri unavyochachuka usiku, na watoa asidi fupi za mafuta. Moja yaitwa butirati, hiyo ndio chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia zagusa homoni za shibe na jinsi mwili unavyoitikia insulini. Ndio hapo umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, unapoingia. Na juu ya ukuta wa utumbo kuna ute, kama ule ute wa samaki mbichi, wawazuia bakteria wasigusane na ukuta. Ute ukipungua ukuta wawaka moto, yaani wapata uvimbe, na huo moto mdogo wa muda mrefu watajwa sana kwenye habari za unene na kisukari.

Sasa utafiti. 2019 watafiti wa Sydney waliwatilia panya wadogo E171 kwenye maji ya kunywa. Walichokuta ni cha kushangaza kidogo. Orodha ya bakteria haikubadilika sana, walikuwa karibu ni wale wale. Kilichobadilika ni kazi yao, vitu wanavyotoa, na ute ukapungua, na dalili za uvimbe zikaonekana utumboni. Yaani wafanyakazi wa jahazi ni wale wale lakini jahazi laenda kombo.

Na kabla ya hapo 2017 Wafaransa waliwapa panya wakubwa siku 100, baadhi yao wakaota vidonda vya awali kwenye utumbo mpana, vile ambavyo vikiachwa huenda vikawa saratani. Utafiti huo ndio ulioisukuma Ufaransa. EFSA 2018 wakausoma wakasema hautoshi kuamua, miaka mitatu baadaye wakabadili msimamo kwa ushahidi mwengine.

Mimi naogopa. Nasema wazi. Sijasema imethibitika kwa binadamu, nasema naogopa, na wangu hali hizo pipi.

#10 KijanaWaMkomani
Sawa hapo kwenye asilimia 99 umenishika, nakubali nliangalia upande mmoja. Lakini panya ni panya. Na tena panya wa kizimba kimoja hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo wakikaa pamoja wanagawana bakteria. Ukiwaweka kundi la dawa kizimba hiki na kundi lisilo dawa kizimba kile, tofauti yaweza kuwa ni ya kizimba si ya dawa. Wengi wa hawa watafiti hawalitazami hilo.

#11 MwlKemia_Amu
Hoja ya kizimba ni nzuri sana, nampa maksi zote. Waliofanya vizuri huwachanganya panya kwanza ndio wawatenge.

#12 BintiShela
Mimi nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni, na nlipomsoma mzee @Baharia_wa_Pate nikasema huyu kaona mbali. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walipima maji ya chupa kwa mashine mpya ya mwanga, wakakuta wastani wa vipande 240,000 vya plastiki kwenye lita moja, na karibu asilimia 90 ni vya nano. Na ile ya mifuko ya chai ya plastiki, zile za umbo la pembe tatu zinazong'aa kama hariri, chuo kikuu cha McGill kule Canada 2019 walichemsha mfuko mmoja kwa nyuzi 95 wakasema watoa mabilioni ya vipande kwenye kikombe kimoja.

Sisi wageni wetu ndio hiyo chai watakayo. Mimi sasa nawapa majani ya chai ya kuchujwa na iliki na tangawizi, wanasifu.

Na chupa za watoto wachanga jamani. Dublin 2020, chupa za plastiki za polipropileni zikitikiswa na maji ya moto zatoa mpaka vipande milioni 16 kwa lita. Nani hapa hakumlisha mtoto kwa chupa hiyo? Mimi nlilia.

#13 MtuWaMalindi
Ndio maana serikali ilipiga marufuku chupa za plastiki 2017. Na hizo plastiki nimesoma mahali kuwa zanenepesha, panya waliopewa walinenepa wakawa na mafuta kwenye ini.

#14 MaabaraMsa
@MtuWaMalindi masahihisho mawili kwa heshima. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa ya mifuko ya plastiki, si chupa. Chupa na vikombe vya kutumika mara moja vilizuiwa 5 Juni 2020, na ni ndani ya mbuga na fukwe na misitu iliyohifadhiwa tu. Dukani chupa ziko kama kawaida.

La pili, utafiti unaoukusudia nadhani ni wa Hangzhou Uchina wa 2018. Walinywesha panya wadogo vipande vya polistirini wiki 5. Ute wa utumbo ulipungua, bakteria wakabadilika na mafuta ya ini yakavurugika, lakini panya hawakunenepa, walipungua uzito! Kuvurugika kwa umetaboli si lazima kuwe kunenepa.

@BintiShela usijilaumu mamangu. Na hiyo ya mifuko ya chai taasisi moja ya Ujerumani iliipinga, ikasema huenda sehemu ya walichohesabu si plastiki ngumu bali ni masalia yaliyoyeyuka kwenye maji moto yakaganda tena yalipokauka. Kuhesabu nano ni kazi ngumu kweli kweli.

#15 MtuWaMalindi
Ahsante kwa masahihisho. Ila Malindi twawashinda Lamu kwa jambo moja, sisi hatuhesabu bakteria, twala embe 😀

#16 DukaLaKona
Embe zenyewe mwaletewa na matruki kutoka Hola tulia wewe 😂

#17 FamasiYaUsiku
Nimesoma uzi wote nikiwa zamu. Niwaulize swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. @MamaZ_Langoni, mtoto alitumia antibayotiki miezi ya karibuni?

Manake tunatafuta chembe isiyoonekana na huku tuna kitu ambacho kazi yake ni kuua bakteria, chauzwa kila mahali, na watu wakitumia kama njugu. Homa kidogo amoksilini. Kikohozi amoksilini. Dozi ya siku saba yaliwa siku mbili iliyobaki yawekwa kwenye kabati apewe mwengine. Dozi moja yaweza kuwafagia bakteria wa tumbo na wengine wakachukua wiki au miezi kurudi. Athari ya antibayotiki kwa bakteria wa binadamu haina shaka, haihitaji panya. Ya nano bado twabahatisha.

Na kwa wagonjwa wa sukari wenyewe, metifomini, dawa tunayowapa wengi, nayo yabadilisha bakteria wa tumbo. Kwa muda mrefu watu walipima bakteria wa wagonjwa wakasema "hawa ndio bakteria wa kisukari", kumbe sehemu kubwa waliyokuwa wakiiona ni alama ya dawa. 2015 ndio likafafanuliwa.

#18 MamaZ_Langoni
@FamasiYaUsiku umenigusa pabaya. Ndio. Mwisho wa Shaaban alikuwa akiumwa sikio, tukapewa antibayotiki ya maji yenye rangi ya waridi, siku saba akamaliza. Mwezi mzima kabla ya pipi. Sikuunganisha kabisa.

Lakini sasa nazidi kuchanganyikiwa. Ina maana pipi hazina kosa?

#19 FamasiYaUsiku
Sisemi hazina kosa, nasema huwezi kujua. Yawezekana tumbo lilikuwa bado halijatulia na pipi zikalikuta wazi. Yawezekana ni sukari kama alivyosema kijana. Yawezekana ni mikono ya Idi, watoto wameshikana mikono mtaa mzima, virusi vya tumbo ndio msimu wake. Na sikio lilitaka dawa, hukukosea kumtibu.

#20 MaishaNaPunda
Mimi nitawaudhi lakini ntasema. Sukari ya Lamu hamuioni? Nlipokuwa mdogo hapa mtu akitoka Mkomani kwenda Langoni ni miguu, akienda Shela ni miguu kwa pwani ama punda, Matondoni ni punda. Sasa bodaboda zimeingia, kijana wa miaka ishirini apanda boda kwenda kununua mkate mita mia mbili! Jioni wote wamekaa pale Mkunguni wanakunywa soda. Hapo hata bakteria wawe malaika mtu atanenepa.

#21 Baharia_wa_Pate
Umenena. Na mkate wenyewe si wa mofa tena. Zamani mofa ni ya mtama, ukila viwili washiba mpaka alasiri. Leo ni unga mweupe kama hiyo rangi ya ukuta mwaisemao.

#22 MwlKemia_Amu
Mzee hapo kwenye mtama kaingia kwenye mada kuliko sisi wote, manake nyuzinyuzi za mtama ndio chakula cha hao bakteria. Unga mweupe wanyonywa karibu wote juu, wao huko chini hawabakishiwi kitu. Na bakteria wenye njaa baadhi yao wageukia kuula ule ute wa utumbo.

Ila nataka pia nitoe hofu moja. Nano si lazima iwe sumu. Maziwa yamejaa nano, ile protini yake imejikusanya madonge ya nano kama mia moja na ushei, ndio yanayoyafanya yawe meupe. Sukari ukiikaanga mpaka iwe kahawia, kama ya halua, zatokea chembe za nano za kaboni. Tumezila tangu enzi za mababu. Tofauti ni kwamba ile ya maziwa yameng'enywa ikaisha, titani haimeng'enywi, yabaki titani mpaka chooni. Kwa hiyo swali si "ni nano?" tu, swali ni "ni nano ya kitu gani na yayeyuka ama haiyeyuki".

Jengine, chembe ikigusa mate tu yavikwa koti la protini, ikifika tumboni yavua yavaa jengine. Ikifika kwa bakteria si ile iliyotoka kiwandani. Majaribio ya kumwaga nano safi juu ya bakteria kwenye chupa hayatuambii mengi kwa hilo.

#23 BintiShela
Mwalimu usinigusie halua, nimefunga Alhamisi leo 😭

#24 MtuWaMalindi
Kuna jamaa huku alikuwa akitembeza chupa ndogo, "maji ya fedha", asema ni nano za fedha zaua kila mdudu wa tumbo, kijiko kimoja asubuhi. Mamangu mdogo alinunua akanywa kama miezi miwili. Tumbo likawa laungurumia hewa tu, akaacha. Hilo mwalionaje?

#25 FamasiYaUsiku
@MtuWaMalindi mwambie asirudie tena tafadhali, na nyote mnaosoma. Fedha kweli yaua bakteria, ndio maana yatiwa kwenye bandeji za vidonda vya moto. Lakini tumboni haichagui mbaya na mzuri. Na ukinywa muda mrefu yajijenga kwenye ngozi, mtu ageuka rangi ya buluu kijivu na hairudi tena. Kulikuwa na Mmarekani akiitwa Paul Karason, alikunywa na kujipaka maji ya fedha miaka mingi, uso wote ukawa buluu, alifariki 2013 akiwa bado na rangi hiyo. Marekani tangu 1999 wamesema dawa hizo hazijathibitishwa kuwa ni salama wala kuwa zatibu chochote.

#26 MaabaraMsa
Naongeza hapo kwenye fedha. Panya walionyweshwa nano za fedha, utafiti mmoja wasema bakteria walibadilika, mwengine wasema hawakubadilika kabisa. Ukubwa wa chembe, koti lake, dozi, siku ngapi, kila mmoja ana vyake. Ndio hali ya fani nzima hii.

Na kuna mshtakiwa mwengine hatujamtaja, viungo vya kulainisha vyakula, vile vya kufanya aiskrimu na sosi isigawanyike. Hivyo si nano lakini vyaingia mlango huo huo wa ute. 2015 vilijaribiwa kwa panya wadogo, ute ukapungua na panya wakanenepa. Na 2022 kimoja wapo, selulosi iliyotengenezwa, kilijaribiwa kwa watu! Watu 16, siku 11, gramu 15 kwa siku kwa waliopewa. Zile asidi fupi za mafuta zikapungua kwenye choo chao. Gramu 15 ni nyingi kuliko tunavyokula kawaida, lakini angalau ni watu si panya.

Kwa titani natamani sana kuona jaribio la namna hiyo.

#27 KijanaWaMkomani
Hapo sasa tumekutana. Leta watu, weka vizimba vya panya pembeni.

#28 MamaZ_Langoni
Nimerudi. Jana usiku nlipanga kila kitu mezani nikasoma na tochi ya simu. Pipi zimetoka. Unga wa kutia maziwa kwenye chai una E551, nimeambiwa ni silika, ya kuzuia unga usishikane. Chumvi ya kopo pia ina kitu cha namna hiyo. Dawa ya meno ya mtoto ina hiyo titani, na mtoto huimeza nusu yake, namuona. Halafu nikatoa vidonge vya presha vya mamangu, vyeupe vinang'aa, karatasi ya ndani yasema ganda lake lina titani dioksidi. Nikakaa chini. Mama amevimeza kila siku miaka tisa.

Nivisimamishe?

#29 FamasiYaUsiku
USIVISIMAMISHE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Hata Ulaya kwenyewe walikoiondoa kwenye chakula wameiacha kwenye dawa mpaka leo, kwa sababu kuibadilisha kwa ghafla kungekosesha watu dawa. Kwenye ganda la kidonge ni kiasi kidogo mno. Presha ikipanda kwa siku chache madhara yake twayajua vizuri sana, hayasubiri utafiti wa panya. Mama aendelee, ukitaka umuulize daktari wake kama kuna aina isiyo na ganda.

Dawa ya meno mpe kiasi cha punje ya njegere, mfundishe kutema.

#30 MaabaraMsa
Naunga mkono #29 mia kwa mia. Silika nayo usiipe hofu sawa na titani, yayeyuka kidogo kidogo mwilini, ingawa nayo watafiti bado wanaichunguza.

#31 Baharia_wa_Pate
Hiyo dawa ya meno sisi mswaki ni wa mti, na meno ninayo yangu mpaka leo.

#32 MaishaNaPunda
Mashaallah mzee, twahesabu mangapi? 😀

#33 Baharia_wa_Pate
Yatosha kutafuna mofa, na wewe ndoo nikuonyeshe.

#34 DukaLaKona
Habari zangu. Nimempigia muuzaji wa jumla nimemuuliza kama ana pipi zisizo na hiyo namba, akanambia mimi ni mtu wa kwanza kumuuliza tangu aanze biashara. Asema atauliza Mombasa. Kwa sasa nimeweka kashata za nazi na mabuyu anayotengeneza jirani. Nikamuuliza mabuyu atia rangi gani, akanionyesha kopo halina maandishi kabisa, limechujuka. Kwa hiyo huko nako sijui nimekimbia nini nikakutana na nini. Nimemuomba anifanyie mengine bila rangi, ya ubuyu wake na sukari na pilipili manga tu. Watoto wameyaonja, mmoja kasema hayapendezi, wengine wamemaliza.

#35 MwlKemia_Amu
Hongera. Niletee shuleni hayo yasiyo na rangi, nataka kuwaonyesha kidato cha tatu na hilo kopo pia likiwezekana.

#36 MamaZ_Langoni
Mtoto leo siku ya nne choo kimekaa sawa. Asubuhi nampa uji wa mtama, mchana mbaazi, jioni maziwa lala ya bibi yake, pipi hakuna. Sijui ni pipi zimetoka, sijui ni ile antibayotiki imemaliza njia yake, sijui ni uji, ama ni siku zimepita tu. Nimeanza kuandika kwenye daftari kila anachokula na hali ya tumbo, @MaabaraMsa nikijaza mwezi ntakutumia uangalie kama una nafasi.

#37 MaabaraMsa
Nafasi ninayo. Andika na saa, na ukiweza andika na alichokunywa na kimetoka kwenye chombo gani.

#38 BintiShela
@DukaLaKona hizo kashata za nazi zimebaki? Niwekee kumi, nafungua magharibi.